Kushuka na maji ya Rau na Njoro: siku tatu kwa miguu pembezoni mwa Moshi

Mto Rau hauna njia ya watalii. Hakuna kibao, hakuna alama ya rangi kwenye mti, hakuna benchi la kupumzikia. Vilivyopo ni vijia vya watu wenye shughuli zao mtoni: wakata majani ya ng'ombe, wafuaji, wachota maji, watoto wa shule wanaokata kona, wenye zamu ya kufungulia maji shambani. Kijia cha mkata majani kinaishia kwenye majani. Cha mfuaji kinaishia kwenye jiwe la kufulia. Anayetaka kushuka na maji kutoka Rau hadi kwenye mpunga hashiki kijia kimoja. Anatoka hiki na kudandia kile, na kila kimoja kinapokata lazima ajiulize kazi inayofuata inafanyika wapi. Hapo ndipo wanaotegemea ramani ya simu wanapopotea. Ramani inaonyesha mstari wa bluu, haionyeshi michongoma iliyoukingama.

Safari imegawanywa asubuhi tatu, kila moja kuanzia saa 12:30 hadi kabla ya saa sita mchana. Wenye miguu mirefu wanaweza kuimaliza kutwa moja, ila watafika kwenye majaruba ya mpunga saa nane, jua bado kali, na kule hakuna mti. Njia nzima inashuka. Rau iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari na msitu uko chini ya mita 800, kwa hiyo mteremko ni wa taratibu mno. Vipando pekee ni kingo za korongo, mita nne au tano hivi, ambazo zikilowa huwa kazi kuliko mlima.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Septemba na Oktoba. Masika, yaani Machi hadi Mei, acha kabisa. Juni na Julai njia inapitika, lakini kuna baridi, umande unalowesha suruali hadi magotini, na Kilimanjaro unaweza kujifungia mawinguni siku kadhaa mfululizo.

Vya kubeba ni vichache. Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu, kwa sababu ya mtoni hayanyweki hata yakiwa meupe kama kioo. Raba zenye soli ya mpira laini na meno, si buti: buti likijaa maji linabaki limejaa. Soksi ndefu za kuchomekea suruali. Taulo dogo. Fimbo yenye urefu wa kufika kifuani. Simu iwekwe kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Mifuko laini ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na kopo hata hivyo linazuia maji vizuri zaidi. Chenji ya mia tano na elfu moja, maana mwenye genge hana chenji ya elfu kumi asubuhi.

Siku ya kwanza: Rau Madukani hadi barabara kuu

Saa 12:30. Hiace ya Rau kutoka mjini, shuka Madukani. Kibo iko wazi saa hizi, Mawenzi kulia kwake. Mwenye kutaka picha apige sasa. Ikifika saa tatu kwa kawaida wingu limeshapanda kutoka msituni na kufunika kila kitu.

Saa 12:50. Kutafuta mto. Hapa swali ndilo linaloamua. Ukiuliza "njia ya kutembelea mto" utaelekezwa kwa mtu wa kukuongoza, au utaambiwa hakuna. Uliza wanapovukia, au wanapofulia. Salamu kwanza, bila hiyo huelekezwi kitu. Mwenye Kichaga anaweza kusema "shimbonyi", asiyekijua abaki na shikamoo yake:

"Shikamoo mama. Samahani, wanapovukia mto ni wapi?"

"Marahaba mwanangu. Shuka na hii migomba. Ukikuta mfongo usiuruke, fuata nao, utakufikisha kwenye daraja la miti."

Jibu la namna hiyo ni ramani kamili. Mfongo ni mfereji wa Wachaga unaochepusha maji ya mto na kuyatembeza ubavuni mwa mteremko hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, na ukingo wake ndio mahali pazuri pa kutembea kuliko pote katika siku hii. Mchimbaji wa mfongo alitafuta mwinamo mdogo kabisa unaoweza kusukuma maji. Mguu nao unafaidi. Unatembea karibu tambarare huku mto ukizidi kuzama korongoni upande wa chini.

Panapoanzia mfongo pana banio, na panastahili dakika kumi za kusimama na kutazama. Mawe makubwa yamepangwa mshazari kuingia mtoni, hayakingi mto mzima. Matundu kati ya mawe yamezibwa kwa mashina ya migomba yaliyopasuliwa, majani, na udongo uliokandikwa kwa mkono. Maji mengi yanapita juu na pembeni kuendelea na safari yake. Kiasi kidogo kinageuzwa kuingia mfereji. Jengo lote linaonekana kama takataka zilizokwama, na ndiyo maana wageni hulikanyaga. Usilikanyage. Shina moja la mgomba likisogea, maji yanarudi mtoni, na mtu aliyengoja zamu yake huko chini anabaki na mfereji mkavu bila kujua kwa nini. Ukikuta mfongo mkavu asubuhi na umejaa saa nne, hakuna ajabu: zamu imebadilika. Kwa hiyo usitembee ndani ya mfereji mkavu kwa kudhani umeachwa.

Saa 1:40. Kuvuka. Mawe ya Rau ni meusi, ya volkano, yamesuguliwa hadi yakawa mviringo. Jiwe la kijivu lililokauka linashika soli. Jiwe jeusi linalong'aa lina utelezi wa ukoga na litakuangusha hata kama maji ni ya kisiginoni. Pasipo na daraja chagua sehemu pana yenye kelele. Pana kelele kwa sababu maji ni kina kifupi na yanagonga mawe. Penye ukimya ndipo penye shimo. Elekeza uso maji yanakotoka, tanguliza fimbo, sogeza mguu mmoja, uthibitishe, kisha wa pili, kiubavuubavu kama kaa. Maji yakipita goti, rudi. Hakuna kitu ng'ambo ambacho hakifikiki kwa kuzunguka.

Jambo moja linawadanganya wenyeji na wageni sawia: mto huu haujali kama mjini kumenyesha. Maji yake mengi yanatokana na mvua inayoangukia ukanda wa msitu kule juu mlimani, wala si barafu ya Kibo kama wengi wanavyodhani. Mjini jua linawaka, juu kunanyesha, na baada ya saa chache mto unapanda. Dalili zinakuja kwa mpangilio. Kwanza majani makavu na vijiti vinaanza kuelea pamoja, vingi kuliko kawaida. Kisha maji yanageuka rangi, kutoka ya chai ya rangi kwenda chai ya maziwa. Kisha sauti inabadilika na unasikia mawe yakigongana chini. Ukiona dalili ya kwanza, panda ukingoni uendelee kwa juu. Ukingoja ya tatu umechelewa.

Saa 2:30. Nyumba zinaanza kubanana. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinataka shughuli za kudumu za binadamu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni karibu hatua 80 za mtu mzima. Zihesabu mahali popote kwenye kipande hiki na utaishia sebuleni kwa mtu. Kwa mtembeaji maana yake ni moja tu: kijia kinakufa kwenye ukuta au kwenye uzio wa seng'enge uliofika majini. Usipenye chini ya seng'enge, na usipite mtoni kwa kuzunguka ukuta, kwa sababu hapo ndipo bomba la maji ya jikoni na la kuogea linapotokea. Panda hadi barabara ya mtaa, tembea nayo nyumba sita au kumi, kisha ushuke tena penye kichochoro chenye udongo uliokanyagwa sana. Kichochoro kilichokanyagwa sana kinakwenda penye maji, au kwenye kioski. Hakuna cha tatu.

Sehemu hii ndiyo chafu kuliko zote. Moshi ina sifa ya usafi na kwa upande wa barabara sifa hiyo inastahili, lakini korongo linaona mgongo wa mji. Kuna pampasi, chupa zilizovunjika, nguo kuukuu zilizonasa kwenye mizizi kwa urefu unaokuonyesha mafuriko ya mwisho yalifika wapi. Ndiyo sababu ya kiatu cha kufunika. Kandambili hapa ni kujitafutia pepopunda.

Penye wafuaji, piga hodi kabla ya kutokea. Wapo wanaooga jirani na wanaofua. Picha usipige mpaka uulize, na ukikataliwa usiulize mara ya pili.

Saa 5:15. Kelele za malori. Barabara kuu ya kwenda Himo na Dar es Salaam iko juu yako. Usipite chini ya daraja, hata kama kuna nafasi: ukingo umemomonyoka na chini pana vyuma. Panda, subiri, vuka mahali dereva anapokuona kwa mbali. Migahawa ya pembeni bado ina mtori saa hizi, na kwa aliyelowa miguu tangu saa moja, bakuli moja la mtori wa moto lenye mfupa linatosha hadi jioni.

Siku ya pili: Msitu wa Rau

Hii ndiyo siku fupi kwa hatua na ndefu kwa kutazama. Kutoka barabara kuu unaelekea kusini, kwanza kwa barabara za vumbi kati ya nyumba mpya na mashamba ya mahindi. Hapa hapana la kueleza zaidi ya mbwa: fimbo ishike ikining'inia chini, usiiinue, tembea bila kuharakisha.

Msitu ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kuingia kunalipiwa, na malipo ya serikali yanakwenda kwa namba ya malipo, hayaingii mkononi mwa mtu; dai stakabadhi. Mwongozaji ni gharama tofauti, mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza, na mpatane pia kama ni ya kundi au ya kichwa. Je, mwongozaji ni lazima hata kwa mtu anayeijua Moshi? Kwa mara ya kwanza, ndiyo. Jana mteremko ulikuwa unakuambia mto uko wapi: kila kinachoshuka kinaelekea kwake. Msituni ardhi ni bapa, mto unajipindapinda, na vijia vya waokota kuni vinagawanyika kila baada ya hatua hamsini vikiwa na upana uleule. Baada ya njia panda ya nne, mtu anayejiamini huwa ameshageuka bila kujua.

Kwa nini pana msitu mnene hapa, chini, penye joto, wakati mashamba jirani yanalia maji? Mvua ya Moshi peke yake isingetosha. Maji yaliyozama kwenye miamba ya volkano huko juu mlimani yanasafiri chini kwa chini na kukaribia uso wa ardhi kwenye tambarare hii. Mizizi inakunywa kutoka chini. Ndiyo maana hata Oktoba, vumbi likiwa limetanda nje, humu udongo ni mweusi na unashika kiatu. Chagua kukanyaga mizizi iliyojitokeza mshazari, siyo inayokwenda sambamba na njia. Ya sambamba inateleza kama sabuni.

Miti miwili inafaa kutajwa. Msoo kwanza, kwa sababu watu hupita wakiukimbilia mvule. Ni mti adimu, unajulikana sehemu chache za Tanzania na Kenya tu, na wanasayansi walipoupa jina lao la Kilatini walichukua jina lake la huku huku, Oxystigma msoo. Mwambie mwongozaji akuonyeshe mchanga na mkubwa, uone kama chini ya mkubwa kuna miche. Hesabu hiyo ya miche inaeleza hali ya msitu kuliko urefu wa mti wowote.

Kisha mvule. Waongozaji hujivunia mmoja mkubwa kuliko yote na watakutajia urefu na umri wake. Urefu huwezi kuupima kwa kivuli, maana kivuli hakifiki chini; matawi ya jirani yanakizuia. Unachoweza kupima ni unene. Pasipo kamba, tumieni mikono: mtu mzima akinyoosha mikono yote miwili anafikia takribani kimo chake mwenyewe. Zungukeni shina vidole vikigusana, jumlisheni vimo vyenu, na mmepata mzingo kwa kosa dogo. Pimeni usawa wa kifua, siyo chini kwenye matako ya mti, la sivyo mtaandika namba ya ajabu.

Upande mwingine wa hifadhi kuna misaji, yaani mitiki, iliyopandwa kwa mistari, na unaposikia kiatu kinaanza kulia karakachakaraka ujue umeingia kwenye misaji. Majani yake ni makubwa kama sinia na yakikauka hayaozi haraka. Chukua jani changa, lisugue kati ya vidole viwili, vidole vinageuka vyekundu kama umeshika damu. Watoto wa hapa hulifanyia mchezo. Chini ya misaji hakuna kinachoota kwa wingi, hakuna nyani wala kima. Ukilinganisha na hatua mia moja nyuma unaelewa tofauti ya msitu na shamba la miti bila kuhubiriwa.

Wanyama: mbega wako juu kabisa, utaona mkia mweupe kabla ya mwili. Kima wako katikati na ndio wenye kelele. Ndizi zifiche. Mkiwa kimya kati ya saa moja na saa tatu mnaweza kuona wote wawili. Baada ya hapo wanalala.

Kero kubwa ni siafu. Wanavuka njia kwa mstari mweusi wenye upana wa vidole viwili, na mtu huwa anasimama juu yao kwa sababu ameinua uso kutazama mbega. Kwa hiyo kanuni: kabla ya kusimama, tazama chini. Wakikupanda usijifutefute, toka kwanza hatua kumi, ndipo uwachambue mmoja mmoja. Ukiwafuta ukiwa palepale wanapanda wengine.

Kutoka kabla ya saa 5:30. Kuendelea na ukingo wa Rau chini ya msitu inawezekana kwenye karatasi tu. Mto unafika kwenye banio la zege, unagawanywa kwenye mifereji, na kila kijia kuanzia hapo ni cha mtu kwenda shambani kwake. Tumeshasema njia inafuata kazi. Hapa kazi ni nyingi mno na njia zimekuwa utando wa buibui. Rudi mjini kwa bodaboda.

Siku ya tatu: Njoro hadi Mabogini

Maji ya leo ni mengine, ingawa mlima ni uleule. Chemchemi za Njoro zinatoka kusini mwa mji, na mitaa imezichukulia majina: Njoro ya Goa, Njoro ya Dobi. Hilo la pili linajieleza, ni la madobi waliokuwa wakifua pale. Jina la mtaa limehifadhi kazi, na kazi ndiyo iliyochora njia.

Saa 12:40. Tazama rangi ya maji kabla ya kuanza kutembea. Rau juzi ilikuwa na rangi ya chai. Njoro ni meupe, na yanabaki hivyo karibu mwaka mzima, kwa sababu yamechujwa na mwamba kwa muda mrefu kabla ya kutoka. Mvua ya jana mlimani haiyagusi leo. Hayapandi ghafla, hayashuki ghafla. Ni mto rahisi kutembea nao, na pia ni mto rahisi kuuamini kupita kiasi: meupe haina maana ni salama kunywa, hasa baada ya kupita katikati ya nyumba.

Reli inayotoka Kahe kuja Moshi inapita pande hizi za kusini-mashariki. Treni ya abiria ilirudi Moshi mwaka 2019 baada ya ukimya wa miaka mingi, na watu wazima waliozoea kutumia tuta la reli kama njia ya miguu hawajaacha zoea. Wewe liache. Ikibidi kuvuka, vuka kwenye kivuko.

Saa 2:00. Nyumba zinapungua, upepo unaanza, na mbele kila kitu kinakuwa kijani cha aina moja. Hapa ni skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Hesabu ya wajenzi ilikuwa hekta 2,300 kwa jumla, hekta 1,100 kati ya hizo zikiwa za mpunga. Maji ya Njoro yanalisha upande wa Mabogini. Ya Rau, yale uliyoyaacha kwenye banio jana, yanalisha Rau ya Kati na Chekereni, penye chuo cha kilimo cha KATC. Mpunga ulikubali mno. Wakulima waliokuwa nje ya mpango, upande wa juu wa mto, wakaona na wao wakaanza kupanda, na maji yaliyohesabiwa kwa ajili ya hekta za chini yakawa yanaishia njiani. Ugomvi wa maji unaousikia kwenye vijiwe vya hapa una mizizi hapo. Mgeni akiulizwa "unaonaje, nani mwenye haki?" aseme amekuja kutembea.

Njia sasa ni tuta. Kuna aina tatu za matuta na mtu asiyezijua ataharibu mali. Tuta la mfereji mkuu ni pana, gari linapita, tembea utakavyo. Tuta la mfereji wa kati ni la upana wa mita moja hivi, tembea mmoja nyuma ya mwingine na umpishe mwenye kiroba kichwani au baiskeli yenye majani. Tuta la jaruba ni sentimita 30 au pungufu, na hapo ndipo penye masharti. Lenye nyasi limekaa, linabeba mtu. Linalong'aa kama limepakwa mafuta limesiribwa tope jana au leo. Mkulima amelipiga kwa ubapa wa jembe kuziba matundu ya panya na kaa. Ukilikanyaga linashuka sentimita tano pale pale, maji yanapata mlango, na usiku kucha jaruba la juu linajimwaga kwenye la chini pamoja na mbolea iliyowekwa. Zunguka, hata kama ni hatua mia mbili.

Ukilazimika kupita kwenye tuta jembamba: weka miguu ikitazama mbele, siyo kama bata, kanyaga katikati, fimbo itumbukie upande wa jaruba lenye maji kidogo. Ukianza kuanguka, amua mapema unaangukia wapi. Jaruba lililochavangwa, yaani lililovurugwa tayari kwa kupandwa, ni tope laini la kufika katikati ya muundi, halina mmea, angukia huko. Lililopandikizwa usiliguse. Miche inang'olewa kitaluni ikiwa na siku 21 hivi na kupandikizwa kwa kamba, sentimita 20 kwa 20, wanawake wameinama tangu alfajiri. Mwili mmoja ukianguka unang'oa mistari mitano.

Kwa kuwa maji ni ya zamu, mashamba hayaendi pamoja. Ndani ya saa moja unaweza kuona pawatila ikichavanga, watu wakipandikiza, jirani yao mpunga unatoa mashuke, na mbele watoto wanaamia ndege kwa kombeo na makopo. Kombeo linafyatuliwa kwelea, lakini jiwe halichagui. Piga mluzi kabla ya kupita.

Mambo mawili ya afya, na haya yana uzito kuliko siafu. La kwanza kichocho. Konokono wake anaishi kwenye mifereji ya maji yanayokwenda polepole yenye majani pembeni, na vijidudu vinapenya ngozi ndani ya dakika chache tu, zaidi wakati wa jua kali. Usining'inize miguu mferejini saa tano kwa sababu imechoka. Ukitumbukia, toka, jisugue kwa taulo kavu papo hapo. Usiache maji yakaukie mwilini. La pili ni mbu. Wa malaria wa hapa hupenda jaruba lililopandikizwa karibuni, maji yakiwa bado wazi juani. Mpunga ukishafunika maji wanapungua. Wanaanza kuuma jioni, nje ya nyumba. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa umeondoka kabla mchana haujageuka.

Saa 5:20. Mfereji mkuu unakutana na barabara ya TPC, ile inayokwenda kwenye kiwanda cha sukari. Hiace za kurudi mjini zinapita hapa. Konda ataangalia miguu yako kabla ya kuangalia nauli, kwa hiyo toa tope kwanza: usioshe mferejini, likwangue. Udongo wa huku ni mfinyanzi, ukikauka nusu unatoka vipande vizima, na fimbo uliyotoka nayo Rau juzi, ncha yake ikiwa imeshalika vizuri, inaingia sawasawa kwenye meno ya soli.